Unga Mweupe Viganjani

Ndugu zangu, palikuwa na mwandishi mmoja, mwanamke mwangalifu, aliyekusudia kuwatungia watoto riwaya kuhusu wasichana wanaoshindana katika jimnastiki. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msihangaike kuutafuta ukumbi wenyewe. Upimeni tu, muone kama una uzito.

Mwandishi huyo hakutaka kuandika jambo asilolishuhudia. Aliomba ruhusa, akapewa kiti pembeni mwa ukumbi wa mazoezi, akaketi na daftari mapajani. Ilikuwa likizo. Wasichana walikuwa wanane, mkubwa wao wa miaka kumi na miwili, na Jumamosi ile kungekuwa na mchujo wa mashindano.

Asubuhi ya kwanza akaiona desturi yao. Msichana alipoteleza kutoka kwenye boriti nyembamba wanayotembea juu yake, wenzake wote waliacha walichokuwa wakifanya, wakapiga makofi. Hayakuwa ya dhihaka wala ya furaha. Yalikuwa ya mpigo mmoja, mazito, nayo hayakukoma mpaka aliyeanguka aliposimama na kutabasamu. Hapo yakakatika kwa pamoja, ukumbi ukawa kimya. Akaanguka wa pili, ikawa vilevile. Wa tatu, vilevile, na tabasamu lilikuwa lile lile, kana kwamba wanaazimana.

Mwandishi akamuuliza kocha maana yake.

"Tunawatia moyo, dada," akajibu kocha bila kugeuka. "Hapa mtoto halii. Miaka yote hii sijasikia hata mmoja."

Mwandishi akaandika: Watoto hawa ni jasiri; hawalii. Sasa nawauliza ninyi: mtu akisema hakusikia, je, amethibitisha kwamba hapakuwa na sauti?

Siku ya tatu, wakati wa uji, mdogo wao wote alimjia pale kwenye kiti. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga wa chaki, ule wanaojipaka ili wasiteleze. Akaishika mikono yote miwili ya mwandishi, akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe wa kushoto. Kilikuwa kimevimba, kina joto kama kikombe cha uji.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya chini, "yule msichana wa kitabuni kwako akianguka, watu watafanya nini?"

"Watampigia makofi," akajibu mwandishi, akidhani anamfurahisha.

Mtoto akasema, "Basi na yeye hawatamsikia."

Mwandishi hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo liingie katika kumbukumbu. Aliinuka, akamweleza kocha alichokigusa. Kocha akamwita mtoto, akamsimamisha mbele ya wenzake saba, akamuuliza kama anaumwa. Mtoto akatabasamu kabla swali halijaisha, akasema haumwi. Kocha akamgeukia mgeni wake: umesikia mwenyewe. Naye mwandishi akarudi kitini, akaandika: Ameulizwa, amekana.

Ndugu zangu, nilisomea sheria kabla sijapewa madhabahu hii. Shahidi anayehojiwa mbele ya yule anayemwogopa, ushahidi wake una thamani gani? Na yule aliyeugusa uvimbe kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaliamini tabasamu kuliko viganja vyake, tumwite nani?

Mtoto akapanda boriti. Akapinduka mara moja, salama. Mara ya pili akaanguka, akautanguliza chini mkono ule wa kushoto. Mwandishi alimwona akifumbua kinywa. Aliyaona meno, aliiona mishipa ya shingo ikisimama. Sauti haikumfikia. Makofi yalikuwa yameshaanza, na safari hii yalikuwa makubwa kuliko siku zote, hasa kofi moja lililosikika karibu mno na masikio yake.

Ndipo alipoona vumbi jeupe likipanda mbele ya macho yake, wingu dogo kwa kila mpigo. Akatazama chini aone limetoka wapi.

Daftari lilikuwa sakafuni. Vumbi lilitoka viganjani mwake, nao ulikuwa unga wa mtoto yule.

Mtoto akasimama, mkono ukining'inia. Akatabasamu. Makofi yakakatika, na ya mwandishi yakakatika pamoja nayo.

Msimhukumu kocha haraka. Kesi iliyo mbele yetu si yake. Jumapili iliyopita mama mmoja alisimama pale, karibu na nguzo, kutoa ushuhuda. Alishukuru kwa uzima. Alishukuru kwa ndoa yake. Kisha akasema, "Lakini nyumbani," na midomo yake ikatetemeka. Mnakumbuka kilichofuata? Pambio. Tuliimba, tukapiga makofi, vigelegele vikapanda, naye akafuta uso, akatabasamu, akaketi. Tukasema amebarikiwa.

Aliyeiashiria kwaya ianze ni mimi. Mkono huu huu.

Sisi tunaojiita nyumba ya faraja, ni vilio vingapi tumevifunika kwa shangwe, kisha tukashuhudia kwa dhamiri safi kwamba hatukusikia kitu? Mungu wetu anasikia hata kinywa kilichofumbuliwa bila sauti. Atakapotuuliza, hatatuuliza tulisikia nini. Ataomba tufungue viganja.

Mama yule leo hayupo. Nafasi yake karibu na nguzo mnaiona. Baada ya ibada nitakwenda kwake, nami sitakwenda na kwaya.

Sasa ninanyamaza. Nawaomba, mtu yeyote asipige makofi.