Gazeti la Ukutani Lilipopata Adabu

Soma mpaka mwisho, halafu mtumie yeyote anayefadhili gazeti, na yeyote anayeliandika.

Waliokulia mji ule wa mkonge bado wanaukumbuka ukuta wa mashine ya kusaga. Kila Ijumaa Bi Mwanaidi Shekivuli alibandika hapo gazeti lake, ameliandika kwa mkono, gundi yake uji wa muhogo. Habari zake zilikuwa za vyama na mashirika ya kusaidia watu: nani kagawa vyandarua, nani kawagawia shangazi zake. Waliosubiri unga walisoma kwa sauti, na wasiojua kusoma walibisha kwa sauti kubwa zaidi. Raha iliyoje!

Lakini karatasi zikaadimika. Bi Mwanaidi akawa anaandika nyuma ya kalenda kuukuu. Ndipo Alhaji Mbwana Kiluwa, mfanyabiashara mzaliwa wa mji ule aliyehamia Tanga, alipojitolea kumletea karatasi, wino na kodi ya chumba cha kuandikia.

“Nikulipe nini, Alhaji?”

“Andika tu, dada. Nakala moja nitumie kwa basi.”

Gazeti likafufuka.

Sasa, Alhaji huyohuyo alikuwa ameijengea zahanati tangi la maji. Tangi likapasuka. Msimamizi wa tangi akamficha Alhaji, na akina mama waliokuja kujifungua wakaletewa maji ya mtoni. Bi Mwanaidi aliyaona kwa macho yake. Akashika kalamu, akaiweka chini. Mtu aliyelifufua gazeti, amvue nguo ukutani? Na akikasirika, karatasi zitatoka wapi?

Akaandika habari za miti iliyopandwa. Ijumaa iliyofuata, miti tena.

Miti! Watoto wanaogeshwa matope, gazeti linasifia miche!

Wasomaji wakapungua. Mzee Sekidia, mwenye mashine, akamtania: “Dada, gazeti lako siku hizi lina adabu. Utadhani limekuja kuposa.”

Bi Mwanaidi alicheka, ila usingizi ulimpaa.

Siku moja Alhaji akatokea bila taarifa, nakala ya gazeti imekunjwa mkononi.

“Binti yangu kajifungua jana hapa zahanati. Nimefungua bomba mwenyewe, umetoka upepo. Ulijua?”

“Nilijua.”

“Mbona hukuandika?”

“Nilikustahi, Alhaji. Na niliogopa utatunyima karatasi.”

Akainamisha kichwa, akingoja gazeti lake lifungwe.

“Wa kunisifu ninao, dada,” Alhaji akasema, “tena wananisifu bure. Karatasi nilikupa uniambie wasiyothubutu kuniambia wao. Andika. Na jina langu liweke juu.”

Ijumaa ile kichwa cha habari kilisomeka: TANGI LA ALHAJI HALINA MAJI. Bi Mwanaidi alibandika, Alhaji akamshikia bakuli la uji wa muhogo, kanzu yote madoa. Mzee Sekidia akazima mashine ili watu wasikilizane. Tangi likazibwa, maji yakarudi zahanati, na kelele zikarudi ukutani.

Siku hizi ukuta ule umepakwa tangazo la rangi. Mashirika yanajiandikia habari zao yenyewe na kujipigia makofi. Lakini waliokuwa watoto enzi zile, wakipita pale siku ya Ijumaa, bado hupunguza mwendo na kutupa jicho ukutani, kama kuna karatasi.

Funzo: Ukifadhili gazeti, lipe nguvu ya kukutaja hata wewe; na ukifadhiliwa, shukrani yako ya kwanza iwe ukweli.