Kivuli Kilichogoma Kufupika

Paukwa!

Pakawa.

Nikae nisimulie, au nisimame nisimulie?

Simama.

Nasimama basi, maana ngano hii haina kiti.

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata babu wa babu zetu aliisikia kwa watu, palikuwa na jua moja, na jua hilo lilizungukwa na dunia tatu. Ya kwanza Tondora, ya pili Kwevu, ya tatu Lunde. Tondora ilizunguka mbio kama pia. Ukibandika maharage asubuhi, hayajaiva jua limeshazama. Lunde ilikuwa ndogo, yote msitu, na miti yake ilitoa sandarusi, utomvu unaoganda kama gundi. Na Kwevu, jamani, Kwevu ilijigeuza polepole kama mgonjwa anavyojigeuza kitandani. Mtoto azaliwe jua linachomoza, aote meno, atambae, asimame dede, ndipo jua lifike utosini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Adhuhuri ya Kwevu haikuwa ya kwenda kupunga upepo barazani. Ilikausha mito, ilipasua mawe. Na usiku wake uligandisha mate mdomoni. Basi watu wa Kwevu waliishi ndani ya asubuhi. Asubuhi ilisogea, nao wakasogea nayo. Nyuma yao joto, mbele yao barafu ikiyeyuka na majani yakichipua, na katikati wao na mbuzi wao, kila mtu akifuata kivuli chake. Wakatembea, wakalala, wakatembea. Usiku hawakuujua, hivyo siku hawakuwa nazo. Muda waliuhesabu kwa usingizi: usingizi mmoja, usingizi wa pili, usingizi wa mia.

Miongoni mwao alikuwepo mwanamke anaitwa Mize. Mize alikuwa mshika kivuli, kazi aliyoachiwa na mama yake, Bi Sewa, macho yalipoanza kumchoka. Kila walipopiga kambi, Mize alichimba shimo, akasimika ufito, akapanga mawe matatu mbele yake: la mbali, la kati, la karibu. Jua likipanda, kivuli kinafupika. Kikitoka jiwe la mbali, watu wanalisha. Kikifika jiwe la kati, wanakamua na kusuka kamba. Kikirudi jiwe la karibu, Mize anapiga ukelele na kambi nzima inafunga mizigo. Hakuna aliyembishia mshika kivuli.

Ndipo wakaja Watondora.

Walikuja na merikebu za anga, mbao zake zimezibwa kwa sandarusi ya Lunde, maana Lunde walikwishaiteka. Walitaka chumvi ya buluu, iliyoko Kwevu peke yake, kwani ndiyo iliyokuwa ikinyanyua merikebu zao, na akiba waliyoipata kwa biashara ilikuwa inakwisha. Vita havikudumu hata usingizi mmoja. Watu wenye fimbo za kuchungia watapigana vipi na mikuki inayotema moto? Aliyewekwa kuwatawala aliitwa Liwali Bungara, mtu mnene kidogo, sauti ndogo, hapendi kupayuka. Akatoa amri tatu.

Amri ya kwanza: hakuna kutembea. Kila mtu akae ndani ya boma la Watondora achimbe chumvi.

Amri ya pili: fito zote za kivuli zichomwe, ubaki mmoja, wa Mize, na kivuli chake atakisoma karani wa Liwali.

Amri ya tatu: makubadhi yote yachomwe. Na bila makubadhi, changarawe za Kwevu hazikanyagiki.

Wakakaa. Wenzangu, mnajua mtu aliyezoea kutembea akikalishwa? Miguu ilivimba. Watu wakilala, miguu ilikuwa inatembea. Unasikia boma zima visigino vinasugua mchanga. Mbuzi walitafuna kamba zao. Wanaume waligombana kwa ajili ya kijiko. Mize alipewa kiti cha ngozi, akae akilinda ufito, na kitu kilichomsumbua kuliko vyote ni kwamba alikipenda. Mgongo ulikishukuru kile kiti. Alikuwa akiinuka ghafla, akikizunguka, kisha anarudi kukaa huku anajionea haya.

Kivuli kilipofika jiwe la karibu, Watondora waliwapakia watu kwenye merikebu, wakarukia mbele, wakajenga boma jipya. Safari ya kwanza wote walipanda. Safari ya pili karani alisema chumvi imekuwa nyingi, nafasi haba. Wazee arobaini wakaachwa nyuma, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, adhuhuri inawajia. Mize alikuwa ndani ya merikebu. Aliwaona wakiwa wadogo, wadogo, kisha hakuwaona.

Tangu hapo hakutulia.

Katika boma jipya, Bi Sewa miguu ilimvimba hata akawa hawezi kwenda bila bakora. Karani alipita akimtazama, akamwambia Mize kwa upole kabisa, kama anayempa taarifa ya mvua, kwamba safari ya tatu wasioweza kuchimba hawatapanda. Mize akaitikia, "Ndiyo, Bwana." Akarudi kwenye kiti. Akainuka. Akakaa. Akainuka.

Hapo akakumbuka jambo. Zamani kidogo, merikebu moja iliteremshwa karibu na tanuri la kukaushia chumvi. Sandarusi ikalainika, ikachuruzika kama samli, na mbao zikaachana. Nahodha alipigwa viboko, na chombo hakikuruka mpaka ilipoletwa sandarusi nyingine kutoka Lunde. Mize akajiuliza: je, kama tanuri likiwa ni jua lenyewe, na merikebu ni zote?

Akafanya mara ya kwanza. Karani akiwa chakulani, aliuvuta ufito juu kadiri ya kiganja kimoja, akajaza udongo shimoni. Ufito ukarefuka, kivuli nacho kikarefuka. Karani akaja, akatazama jiwe la kati, akaona kivuli kipo palepale, akaenda zake.

Akafanya mara ya pili. Kiganja kingine. Jua limepanda, kivuli hakijasogea. Karani akakuna kidevu, akaenda zake.

Usingizi sitini ukapita. Joto likaongezeka polepole, lakini Liwali alikaa katika nyumba ya mawe na watu wa kumpepea. Hatimaye akamwita Mize, akamuuliza imekuwaje jua la Kwevu halipandi. Mize alikuwa na uwongo tayari, kuhusu upepo na milima. Alipofungua mdomo ukatoka mwingine.

"Bwana," akasema, "tangu nizaliwe sijaona jua likimtii mtu. Sasa sijui niseme nini."

 Yaliyobaki Liwali alijiambia mwenyewe. Kwao sherehe hufanywa jioni, na Kwevu jioni haikuwepo, basi akaifanya asubuhi hiyohiyo. Akatangaza kwamba jua limesimama kwa ajili yake, akaamuru vitu vyote vishushwe kutoka kwenye merikebu, mazulia, mapazia, viti, akaanza kujenga nyumba kubwa zaidi. Hakutaka kuhama tena. Nadhani naye alichoka kuruka.

Lakini watu bomani hawakudanganyika. Ngozi zao zilikuwa zinawaambia. Wakamwendea Mize, wakamuuliza kivuli kinasemaje, naye, kwa kuwa askari walisimama pale, akajibu kwamba kivuli kiko jiwe la kati. Binamu yake akamtemea mate miguuni. Wakasema Mize kanunuliwa kwa kiti. Na yeye je, angejibu nini? Alikaa akatazama ufito, akijiuliza kama hajawaua wote. Kila usingizi alipima kimoyomoyo: joto la kulainisha sandarusi, na joto la kuua mtu. Kati ya hayo mawili kulikuwa na nafasi ndogo, na ukubwa wake hakuujua.

Mara ya tatu ufito ukakataa. Ncha yake ya chini ilikuwa karibu kutoka shimoni. Ukivutwa tena, utaanguka. Ulihitajika mti mrefu zaidi, na miti bomani haikuwepo, wala Mize hakuruhusiwa kutoka. Akaenda kuketi kwa mama yake.

Bi Sewa macho yalikuwa mabovu, lakini alishika kivuli kwa maelfu ya usingizi. Akamuuliza kwa sauti ya chini amebakiwa na ufito kiasi gani. Mize alishtuka, akataka kukana, akashindwa. Akasema, hakijabaki kitu.

Bi Sewa akaichukua bakora yake, ndefu kumpita kichwa, akaiweka mapajani mwa binti yake.

"Mama, hiyo ndiyo miguu yako."

"Najua ni nini, mwanangu. Kaisimike."

Mize akaipaka majivu ifanane na ufito, akaisimika. Karani akaja, akatazama, akaenda zake.

Usingizi kumi na mmoja baadaye, askari mmoja aliegemea merikebu, mkono ukanata. Akavuta, ukatoka na sandarusi kama utando wa asali. Akaita mwenzake. Mwenzake akagusa nyingine. Zote zilikuwa zinachuruzika, mbao zinalia, zinaachana. Mbio zikaanza. Karani alikimbilia kwenye ufito, akaung'oa, akaona ni bakora, akakaa chini palepale mchangani.

Walimleta Mize mbele ya Liwali. Mkuki ulikuwa shingoni mwake. Nje mawe yalianza kutoa mlio. Liwali alimuuliza adhuhuri iko umbali gani. Akamwambia usingizi tisa, pengine nane. Akamuuliza kama kuna njia. Akamwambia ipo, kupitia bonde la maji ya barafu, na anayeijua ni yeye na watu wake.

"Basi tuongoze," akasema Liwali.

"Kwa mambo matatu, Bwana. La kwanza, mikuki yote inabaki hapa. La pili, viti, mazulia na mapazia yenu yakatwe makubadhi, ya watu wangu na yenu. La tatu, hakuna anayeachwa. Kila askari atambeba asiyeweza kutembea."

"Na nikikataa?"

"Basi tutakaa. Kukaa mmetuzoesha."

Liwali akatazama dirishani. Kisha, kwa ile sauti yake ndogo, akawaambia askari waweke mikuki chini.

Wakaondoka. Watu elfu na mbuzi wao, kila mtu ana kipande cha zulia mguuni, jekundu huyu, la kijani yule. Watu wa Kwevu wakakanyaga changarawe, na miguu yao ikakumbuka. Watondora walijikokota. Karani alimbeba Bi Sewa mgongoni. Hakuamriwa, alikwenda mwenyewe akapiga magoti mbele yake. Mize alitangulia, akigeuka, akihesabu vichwa, anatangulia tena. Joto liliwafuata kwa karibu mno. Walikufa watu kumi na mmoja, sita wa Kwevu, watano wa Tondora, na kila mmoja alipoanguka Mize alijua ni kwa hesabu yake.

Usingizi wa tatu, karani alimwita. Bi Sewa alikuwa amefariki mgongoni mwake, na hakujua tangu saa ngapi, maana mzigo haukuwa umebadilika uzito. Walimlaza, wakamfunika mawe, uso wake upande wa kwenda. Mize hakupewa nafasi ya kukaa matanga. Alilia akitembea, na binamu yake, yule aliyemtemea mate, akaja akatembea ubavuni mwake. Hakuomba radhi. Alimtwalia mzigo tu.

Usingizi wa saba upepo ukawa wa baridi. Wa nane wakaona majani.

Tondora ilituma merikebu nyingine kutafuta chumvi yake. Ikakuta boma limepasuka, mikuki imeyeyuka, mtu hayupo. Asubuhi ilikuwa imekwishawachukua watu wa Kwevu mbali, na Kwevu ni kubwa. Chumvi ikawaishia Watondora, merikebu zikabaki chini, na walinzi waliokuwa Lunde walipoona hakuna wa kuja kuwapokea, waliomba kazi ya kukata kuni kwa watu waliowatawala jana. Ndivyo Lunde nayo ilivyofunguka. Siku hizi dunia zile tatu husalimiana kwa mbali, kama majirani waliowahi kupelekana kwa mzee wa mtaa.

Na Mize? Si wote waliomsamehe. Kuna mama aliyepoteza mtoto njiani, hakumsemesha tena mpaka kufa, na Mize hakumlaumu. Aliendelea kushika kivuli.

Ama Liwali Bungara, siku ile walipofika kwenye majani alijitupa chini, malengelenge yamempasuka, zulia limemganda nyayoni. Watu walikuwa wameshaanza kukamua. Alimwangalia Mize akizunguka huku na huku, hakai, akamwita kwa heshima ambayo hakuwahi kuitumia.

"Mama Mshika Kivuli, tutafika lini?"

Mize akasimama.

"Tutafika wapi?"

Bungara alifikiri. Alifikiri mpaka mbuzi mmoja akaja akaanza kutafuna pindo la kanzu yake. Mize akampa kamba ya yule mbuzi, akamwonyesha majani yalipo mengi, akatangulia.

Ngano yangu imefika mlangoni, mimi siingii nayo. Ikiwa tamu, gawaneni hapo mlipo. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaimeza njiani.