Kitambaa Kimoja cha Tulizo

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Ilikuwa usiku wa manane, mwanangu kalala kifuani pangu, nikasikia kucha zinakwaruza chini ya kitanda, taratibu, kama mtu anayekomba ukoko wa sufuria na hana haraka kwa sababu sufuria ni yake. Nikambana mtoto. Asubuhi hakuamka kunyonya. Alikuwa hai, anapumua, lakini macho hayafunguki, titi halishiki, na mdomoni mwake, jamani, mdomoni mwa mtoto wa siku arobaini na saba, mlikuwa mnatoka harufu ya mafuta yaliyooza.

Sogeeni basi, nitawasimulia upesi, maana jua likizama nitakuwa nimechelewa, na mwisho nina swali, na swali lenyewe si la mchezo.

Kwanza wajueni wifi zangu. Ni watatu, dada za mume wangu, na kila mmoja kazaliwa na lake.

Mwatime, mkubwa, ana pua. Atakwambia nani kapita mlangoni jana na alikuwa amekula nini. Ukiunguza mboga kidogo tu ukaficha, yeye yuko nyumba ya tatu, atanusa, na atakuja mpaka jikoni kukusema: "Eti wifi, leo kaka yangu anakula makaa?"

Zuwena, wa kati, ana mikono, na mikono yake haijui kinyaa. Paka akifia kisimani, anaitwa Zuwena. Choo kikiziba, Zuwena. Ameosha maiti waliokaa mtoni siku nne, kisha akanawa, akaketi, akala ugali kwa mkono uleule huku anatuuliza mbona sisi hatuli.

Kibibi, mdogo wao, ana tumbo. Hajatapika tangu azaliwe. Utotoni alikula kipande kizima cha sabuni akaomba kingine. Dawa chungu ambayo watu wazima hubanwa pua ndipo wainywe, yeye huinywa na kulamba kikombe.

Mimi sina lolote la hayo. Mimi nina kinyaa. Nzi akitua kwenye chakula changu sili mpaka kesho yake. Na kinyaa hicho ndicho kilichotufikisha hapa.

Mji wetu una miungu wawili wa kike. Kwaruzo anaua watoto. Tulizo anawaponya. Sasa niambieni, mnadhani watu wanampelekea nani sadaka?

Kwaruzo, nani mwingine! Anaogopwa. Hekalu lake liko katikati ya soko, na kila siku anamiminiwa samli, mayai, damu ya mbuzi, maziwa ya mama aliyejifungua, na madhabahu yake ni mwiko kuoshwa, kwa hiyo vya leo vinamwagwa juu ya vya jana, na vya jana juu ya vya mwaka jana, mpaka huko enzi za mabibi zetu. Jiwe halionekani tena. Umebaki ukoko mweusi, unene wake unameza mkono mpaka kwapani, unang'aa, na ukiutazama sana unaona unatikisika, kwa sababu ya mabuu yaliyomo. Na watu wanaubusu! Nimemwona kwa macho yangu mwanamke mwenye kanga mpya, kainama, kabusu, kafuta mdomo, katabasamu.

Tulizo yeye yuko nyuma ya visima. Chumba kimoja, beseni la jiwe lenye maji, na ubao wa kuwekea vitambaa. Watu wakitoka sokoni na matope wananawa miguu kwenye beseni lake. Ukiwauliza hamwoni haya, wanakujibu, "Aa, Tulizo hana neno." Akina mama wakimpita hata hawamsalimu. Tulizo hana neno.

Desturi ni kwamba kitovu cha mtoto kikikatika, mama anakipeleka kwa Kwaruzo na kukibandika kwenye ule ukoko. Mimi nilikwenda. Nilifika mlangoni, uvundo ukanipiga usoni, nikatapika palepale kizingitini. Bi Mashavu, mtunza madhabahu, mwanamke aliyenenepa kwa mayai ya sadaka, akaniambia, "Ingia, binti. Sote tuliingia."

Sikuingia. Niligeuka nikashika njia ya visimani, nikakiweka kitovu cha mwanangu Tunu kando ya beseni la Tulizo, na pale ubaoni nikaweka kitambaa cheupe nilichofuma mwenyewe. Bibi yangu alinihadithia kwamba zamani kila mama alimpelekea Tulizo kitambaa, na kitambaa kikilala pale siku arobaini, kinaweza kufuta uvundo wa Kwaruzo mwilini mwa mtu. Mtu mmoja, mara moja, basi. Zamani ubao ulijaa. Mimi niliukuta na utando wa buibui. Kitambaa changu kilikuwa peke yake. Hilo mlishike.

Haya, siku arobaini zikapita, nikasikia ule mkwaruzo, mtoto hakuamka. Nikakimbia kwa Tulizo: kitambaa kipo, kitovu hakipo, na mtoto ambaye kitovu chake kimeshikwa na Kwaruzo kitambaa hakimfai. Nikakimbia kwa Bi Mashavu. Nilimkuta anamenya yai.

"Nilikihamisha jana," akasema, wala hakuinua macho. "Nilikikuta kule kando ya beseni. Nimeuokoa mji, binti. Kwaruzo akinyimwa kimoja huchukua kumi."

"Mwanangu anakufa, Bi Mashavu!"

"Basi ingia ukitafute." Akatia yai zima mdomoni. "Viko maelfu mle."

Nikarudi nyumbani nalia. Wifi zangu hawakuniuliza maswali mengi. Mchana, Bi Mashavu alipolala kwa shibe, wakaingia wote watatu. Mimi, mama mtu, nilisimama nje nikichungulia mlangoni, na mtoto mgongoni na upande wa kanga puani. Ndiyo. Upande wa kanga puani.

Mwatime aliusogelea ukoko, akaweka pua yake palepale ambapo wengine huweka midomo, akavuta. Akasogea kidogo, akavuta tena. Vitovu maelfu, na yeye anavinusa kimoja kimoja kupitia mafuta na damu na maziwa ya miaka, machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka, hasimami. Alipofika pembe ya kushoto akasema, "Huyu hapa. Huyu ananuka kama kaka yangu." Akaanguka. Tangu wakati huo pua yake imebaki na harufu hiyo moja. Hata waridi kwake ni mzoga.

Zuwena akakunja mikono ya gauni. "Sogea, dada, umeshasifiwa," akasema, akauzamisha mkono mpaka kiwikoni, mpaka kwapani, shavu limelala juu ya ule ukoko. Nilisikia sauti yake, kama mguu unaochomolewa kwenye tope. Mabuu yalimpanda shingoni. Akapapasa, akapapasa, akatoa kitovu cha mwanangu kimekuwa cheusi, kimevimba kama kupe aliyeshiba. Mkono wake haujatakata hadi leo. Umesuguliwa kwa majivu, kwa chokaa, kwa mchanga mpaka damu ikatoka, na bado unateleza.

Tukakimbilia kwa Tulizo, tukakitosa kwenye beseni. Maji yakateleza juu yake kama juu ya jani la yungiyungi. Kibibi akakiokota, akakitazama.

"Kimemnywa Kwaruzo," akasema. "Lazima kinyonywe."

"Ukinyonya uteme wapi?" Zuwena akauliza. "Chini ni kwake. Ukitema tu, kakiokota tena."

"Nani kasema nitatema?"

Akakiweka mdomoni. Alinyonya, akameza. Akanyonya, akameza. Niliona koo lake linapanda na kushuka, na Kibibi ambaye hajatapika tangu azaliwe alijikunja, akaziba mdomo kwa mikono miwili, machozi chapachapa, akauzuia ule uchafu usitoke. Mara tisa. Nilihesabu. Alipokitoa kilikuwa kidogo, kikavu, rangi ya majani ya chai, kama nilivyokiacha. Sasa kila neno atakalolisema linatoka na uvundo, na ndiyo maana wifi yangu aliyekuwa mwongeaji kuliko wote siku hizi mbili anaitikia kwa kichwa.

Tukakiosha kitovu. Mgongoni kwangu Tunu akapiga chafya, kisha akalia, jamani, kilio cha njaa, sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile. Nikaketi hapohapo visimani nikamnyonyesha.

Wao wakaanza ubishi wao, kwa furaha tu.

"Bila pua yangu," akasema Mwatime, "mngekuwa mnachimba mpaka sasa."

"Ungenusa mpaka mwakani," Zuwena akamjibu. "Kitovu kingekufuata chenyewe?"

Kibibi akasema, "Na nyinyi wote mngekuwa mmembebea mtoto kupe." Akafunga mdomo upesi, maana sote tulirudi nyuma.

Nami nilirudi nyuma. Kibibi akanyoosha mikono ambusu mtoto aliyemnyonyea uchafu wa mji mzima, na mimi, bila kufikiri, nikamgeuzia Tunu upande wa pili. Aliona. Akasema polepole, kiganja kikiwa mdomoni, "Haya, wifi. Nitambusu nikitakata." Niliwahi kudhani kitu kinachochukiza kuliko vyote katika mji huu ni ule ukoko. Nimejiona mimi.

Jioni ile Bi Mashavu akaja mpaka uani, hana hasira, anatafuna. "Mtoto mshampata," akasema. "Kwaruzo harudii alichonyang'anywa. Lakini waliomgusa wananuka yeye, naye anajua harufu yake. Usiku wa kwanza atafika kisimani. Wa pili, mlangoni. Wa tatu anaingia, anachukua kila anayenuka." Akanitazama mimi, msafi, upande wa kanga begani. "Wewe huna wasiwasi, binti. Wewe hukugusa kitu."

Usiku wa kwanza tuliusikia mkwaruzo kisimani. Usiku wa pili ukawa mlangoni, na asubuhi tukakuta mbao zimechimbwa mistari mitatu: mmoja usawa wa pua, mmoja usawa wa mikono, mmoja usawa wa tumbo. Wifi zangu waliutazama mlango, kisha Mwatime akasema, "Angalau kapima vizuri," na wakacheka, na kicheko kikawakatikia katikati.

Usiku wa tatu ni leo.

Na kitambaa ninacho. Nilikwenda kukichukua alfajiri, kimelala ubaoni peke yake, kimelowa ingawa mvua haijanyesha, cheupe kuliko nilivyokipeleka. Nimekificha ndani ya mtungi wa unga. Hawajui. Nikiwaonesha, kila mmoja atasema mpe mwenzangu, nawajua, na usiku utatufikia tukiwa tunapeana heshima.

Sasa nisaidieni, mliokaa hapa, wakubwa na wadogo. Nimpe Mwatime? Yeye ndiye aliyemtambua mwanangu kati ya maelfu. Asingenusa, mikono ingepapasa nini, na tumbo lingemeza nini? Nimpe Zuwena? Kunusa si kutoa. Yeye ndiye aliyemwingizia mkono mungu tumboni, na hakutetemeka. Nimpe Kibibi? Kitovu kilikwishapatikana, kikatolewa, na mtoto bado alikuwa anakufa, mpaka yeye akauweka uchafu ule ndani yake mwenyewe, ambako hata majivu hayafiki. Na nilimnyima busu. Je, hilo ni deni linaloongeza haki yake, au ni aibu yangu tu, isiingizwe kwenye hukumu?

Msiniambie nikichane vipande vitatu. Kikichanwa ni tambara. Msiniambie nifume vingine. Siku arobaini, na mimi nina saa chache. Laiti mwanamke mmoja tu katika mji huu angepeleka kitambaa kabla yangu, na mwingine mmoja kabla ya huyo, nisingekuwa hapa nawauliza nyinyi! Wanaume na wanawake mia ngapi wamenawa miguu pale? Nikifikiri hilo kichefuchefu kinanipanda upya, na safari hii si kwa sababu ya mabuu.

Wala msiniambie nikamuulize Tulizo mwenyewe. Nimekwisha kupiga magoti, nimemuuliza asubuhi nzima. Mnajua jibu. Tulizo hana neno.

Basi ni wewe. Ndiyo, wewe uliyeinamisha uso. Ungekuwa ndiye mimi, mkono umo kwenye unga, nje giza linaingia, na wifi zako watatu wamekaa mkekani wanakusubiri uwapakulie chakula, ungemfuta nani?

Usilitamke kwa sauti, wasije wakasikia. Njoo unong'one hapa sikioni. Na wale wawili wasiofutwa, na watoto wao watakaobaki, hawatajua kamwe kwamba ni wewe uliyechagua. Nakuahidi, naapa kwa Tunu: sitamwambia mtu mwingine.