Picha ya Kifaru Kwenye Tovuti ya Serikali

Hapo kale, wanyama walipokuwa na serikali yao, na serikali nayo ikawa na tovuti yake, tovuti hiyo ilikuwa na picha ya Kifaru. Msicheke bado! Kifaru, mkuu wa zamani wa serikali, alikwisha kustaafu, anakula majani kwao. Lakini ukiifungua tovuti unamkuta yeye, anatabasamu: "Karibuni! Heri ya mwaka mpya!" Na huo mwaka mpya wenyewe ulikuwa umeshazeeka.

Kisa nini? Tovuti aliiuza Fisi, ikiwa imefungwa, ufunguo akautia mfukoni. Ukitaka kubadilisha neno moja tu, umwite Fisi. Na Fisi haji mpaka asikie harufu ya nyama.

Aliyeumia ni Nguchiro, karani wa habari. Masika yaliyopita milango ya bwawa ilifunguliwa, na tangazo halikuwekwa kwenye tovuti. Maji yakaingia bondeni, puu! Shimo la mama yake Nguchiro likajaa tope. Mikeka na vyungu vyote vikaenda na maji. Mama mwenyewe alipona kwa kushika mzizi. Na sasa mawingu yalikuwa yanajikusanya tena.

Ikaitwa kamati ya kuchagua programu mpya ya tovuti. Mwenyekiti alikuwa Tembo, mkuu mpya wa serikali. Kando yake alikaa Kiboko, mkuu wa bwawa, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusinzia. Fisi akaingia na suti yake, amekumbatia sanduku jeusi lenye kufuli.

"Waheshimiwa, hii ni mpya kabisa! Hakuna anayejua kilichomo ndani!"

"Hata wewe?" akauliza Nguchiro.

"Hata mi... Aa! Usinikatize!"

Nguchiro akapanda juu ya kiti ili aonekane. "Waheshimiwa, mimi napendekeza programu huria. Haina kufuli. Yeyote anaweza kuona ilivyoundwa, akaitumia, akairekebisha apendavyo. Ikiharibika tunaitengeneza wenyewe. Serikali za ng'ambo ya mto zinaitumia. Tena ni bure."

Kwa-kwa-kwa! Wakacheka mpaka meza ikatikisika.

"Bure!" Tembo akafuta machozi kwa mkonga. "Serikali nzima ivae mitumba?"

"Na ikiwa wazi, wezi si wataingia?" akauliza Kiboko, jicho moja amelifumba.

"Mheshimiwa, kila fundi anajua mlango unavyotengenezwa. Je, ana ufunguo wa nyumba yako?"

"Nyumba yangu ni mto," akajibu Kiboko. "Haina mlango."

Wakampigia makofi kwa hoja nzito. Hoja nzito, jamani! Labda kwa sababu aliyeitoa alikuwa mzito.

Nguchiro alikasirika mpaka manyoya yakamsimama. Akaona wazi kwamba akiwaeleza habari za mafuriko mpaka kesho, vichwa vikubwa vile havitasikia. Basi akameza hasira, akatabasamu.

"Haya, mmeshinda. Ila kabla Mheshimiwa hujatia sahihi, Bwana Fisi amwondoe Kifaru pale kwenye tovuti, akuweke wewe."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Ala! Kumbe bado yupo? Fisi, mwondoe sasa hivi!"

Fisi akalikumbatia sanduku lake zaidi. "Fundi wangu amesafiri, Mheshimiwa. Tungoje masika yapite..."

"Masika yapite?!"

Nguchiro akafungua kompyuta yake. Ta-ta-ta! "Mitumba yangu hii hapa." Ta! Tembo akatokea kwenye kioo, pembe zinang'aa.

"Ohoo! Ikuze kidogo." Ta! "Ikuze tena!" Ta!

"Na mimi je?" akaropoka Kiboko, usingizi umemtoka.

Kabla chai haijapoa, programu huria ilikuwa imepitishwa, na Fisi yuko nje na sanduku lake. Habari za bondeni hakuna aliyeziuliza.

Hapo ndipo Nguchiro alipofanya ujanja. Kwa kuwa programu ilikuwa wazi, aliingia ndani yake akaandika sharti la kwake mwenyewe: kukipambazuka bila tangazo jipya, picha za wakubwa ziondoke, Kifaru arudi.

Asubuhi Tembo akafungua tovuti ajitazame. "Karibuni! Heri ya mwaka mpya!"

"Tobaaa! Nguchiro! Huyu mzee amerudije?"

"Ndivyo programu inavyotaka, Mheshimiwa. Ikipewa habari kila siku, inakuonyesha wewe. Ikinyimwa, inamkumbuka Kifaru."

"Kiboko! Lete habari! Bwawa likoje?"

Kiboko, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kukimbia, akakimbia. Thi! Thi! Thi! Akarudi anatweta. "Limejaa mpaka ukingoni. Milango inafunguliwa kesho alfajiri."

"Kesho!" Nguchiro akapigwa na butwaa. "Ulikuwa unangoja nini kusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Ta-ta-ta! Huko bondeni kila mwenye simu akasoma, asiye nayo akasomewa. Kufikia jioni mama yake Nguchiro alikuwa juu kilimani, mkeka kichwani, pamoja na majirani zake digidigi. Alfajiri maji yakashuka, puu! Yakakuta bonde tupu.

Lakini Fisi hakukubali kushindwa. Akaja mbio kwa Tembo: "Mmechezewa! Programu ya ng'ambo ya mto itamjuaje Kifaru? Sharti hilo kaliweka Nguchiro mwenyewe!"

Tembo akageuka, ardhi ikatikisika. "Ni kweli, wewe?"

Nguchiro akawaza: akifukuzwa, nani atawaambia watu wa bondeni mvua ijayo? Hata hivyo hakukana. Akawasogezea kompyuta. "Programu hii iko wazi, Waheshimiwa. Kila nilichoandika kinaonekana. Tazameni wenyewe."

Tembo akainama. Mistari, mistari, mistari. Akakohoa. "Mh. Miwani yangu nimeiacha nyumbani. Kiboko, soma."

"Mimi nilishasoma jana," akasema Kiboko, anaangalia dari.

"Fisi, basi tuonyeshe wewe hilo sharti."

Fisi akatazama kioo, akajikuna shingo, akatazama tena. Miaka yote aliuza masanduku, na hakuwahi kufungua hata moja.

"Kumbe hamna kitu!" akanguruma Tembo. "Toka hapa, mzushi! Na wewe Kiboko, habari za leo ziko wapi? Jua hilo linapanda!"

Thi! Thi! Thi!

Nanyi wadogo zangu, shikeni hili: mkubwa asiyetaka kutazama ndani huchezewa hata na kitu kilichoachwa wazi.