Nundu Tatu za Sekela

Paukwa?
Pakawa.
Aliye mlangoni?
Aingie, asilowe.

Hapo kale, juu milimani, palikuwa na mama kijana aitwaye Sekela. Alikuwa na mtoto mmoja na mbuzi mmoja. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka. Mtoto aliishi kwa yale ya mbuzi.

Kila mwaka ilinyesha mvua ya mawe, na kila mwaka Mzee Mwaisumo, mganga wa mvua, alichagua mbuzi wa nyumba moja awe ujira wake. Alisema yeye husimama kilimani peke yake na kuyazuia mawe yasibomoe nyumba. Mtu mwingine akitoka nje, atakufa. Basi watu walijifungia, wakasikia vishindo, wakashukuru. Nani angeuliza? Nyinyi mngeuliza?

Mwaka huo alichagua mbuzi wa Sekela. Sekela akamsihi, akakataa. Akamsihi tena, akakataa. Mara ya tatu akajibu kwamba mvua ikikatika atakuja na kamba.

Mawingu yakaja, meusi. Sekela akampakatisha mtoto jirani yake, Mama Ipyana, akamwambia anakwenda kuona. Mama Ipyana hakumcheka wala hakumzuia. Alimwaga chini kapu lake zima la mahindi, akamvika lile kapu kichwani.

"Ukifa nitamlea," akasema. "Ila usife, mwenzangu. Mimi ninao sita."

Sekela akatoka. Jiwe la kwanza, ta! Likatoboa kapu. La pili, ta! La tatu, ta! Akapanda. Mawe yaliruka majanini kama bisi, mlima wote ukawa mweupe, naye akasahau hata kuogopa. Kilimani hapakuwa na mtu.

Mvua ilipokatika watu wakakusanyika. Mganga akaja na kamba, akilalamika miguu inamuuma kwa kusimama. Sekela akavua kapu. Kichwani palikuwa na nundu tatu, kubwa kama ndimu.

"Baba, nilikuwa kilimani," akasema kwa heshima. "Zangu ni hizi. Zako ziko wapi?"

Watu wakautazama upara wa mganga. Ulikuwa laini kama yai. Akaikunja kamba yake, akaondoka, na mbuzi akabaki.

Wanawake wakapanga mstari kuzigusa zile nundu. Wakauliza huko nje kukoje. Sekela akajaribu kueleza, akashindwa. Kuambiwa si kuona.

Mwaka uliofuata, mawe yalipoanza, hakuna kapu lililobaki ndani. Walirudi wakichechemea, wakicheka, kila mmoja akipapasa nundu zake. Na Mama Ipyana, mwenye nne, ndiye aliyetembea mbele.

Ngano yangu imefika. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.