Ghala la Milango Miwili

Hadithi hii aliisimulia kwanza bibi yangu Namkunda, mwaka ule tulioacha nyasi tukaezeka bati. Naisema kama alivyoisema.

Paukwa!

Pakawa!

Zamani, kabla barabara haijapanda mlimani, palikuwa na kijiji chenye mawe mengi kuliko udongo. Mzee Senzota akajenga ghala la mawe matupu, bila tope wala chokaa. Jiwe juu ya jiwe, gu, gu, gu. Akaliwekea milango miwili mipana inayotazamana, mmoja mashariki, mmoja magharibi.

Mpwa wake Mbonea akacheka. "Mjomba, hili ni ghala au njia ya ng'ombe? Mali itaingia huku, itokee kule."

"Kitakachotoka si mali," mzee akasema.

Mzee alipokwenda matangani mlima wa pili, Mbonea akaziba mlango wa magharibi kwa mawe. Gu, gu, gu. Akalala usingizi mzuri.

Mavuno yakaja, na mvua ikaja nayo. Uwanja wa nje ukawa tope. Mtama wote wa kijiji ukaingizwa ghalani, ukapurwa, pu, pu, pu. Wanawake wakapeta kwa nyungo. Makapi yakapanda, yakageuka, yakarudi palepale. Watu wakapiga chafya. Rundo la mtama, bila upepo, likaanza kupata joto. Likichipua, kijiji kitalala njaa.

Nakijwa, mke wa Mbonea, akafuta macho, akamgeukia mumewe. "Baba Mshana, mwaka huu utakula makapi, na mpishi ni mimi."

Mzee akarudi, ameloa chepechepe. Akautazama ukuta. "Nani ameliziba pua ghala langu?"

"Ni mimi, mjomba. Niliogopa mali itatoka."

"Basi anza na jiwe la juu."

Wakabomoa wakishuka. Upepo ukapita, vuuu. Makapi yakatoka nje kama kundi la nzige. Punje zikaanguka, cha, cha, cha, nyingine zikaviringika kuelekea mlangoni. Mbonea akainama kung'oa mstari wa mwisho wa mawe. Mzee akamshika mkono.

"Huo uache. Makapi yataruka juu yake, mtama utabaki ndani. Hilo mimi sikulifikiria."

Vigelegele vikapigwa. Hata mzee akacheza, na magoti yake yale.

Tangu hapo kila ghala la kule lina milango miwili, na kizingiti cha mawe kiitwacho mawe ya Mbonea.

Basi mwenzako akikosea, bomoa polepole. Huenda chini kuna mstari unaofaa.

Hadithi yangu naitua hapo. Senzota na Mbonea wametangulia, na bibi Namkunda pia. Aliye hai ni Nakijwa. Macho yamefifia, lakini mtama wake anaupeta mwenyewe.