Kijiko Kimoja cha Chai

"Ningoje tena? Ningoje mpaka uso wa mtoto uoze?" Wangechi alifoka.

Wanawake wa chama cha akiba waliokuwa sebuleni mwa Kanini, pale Gatongora, waligeuka wote kumtazama. Gathoni, bintiye Wangechi, alivuta kofia ya sweta hadi machoni. Chunusi zenye usaha zilimjaa mashavuni, na zile za zamani zilikuwa zimeacha mashimo.

"Mama Gathoni, punguza sauti," Kanini alisema. "Nilikwambia dawa ya homeopathi hutoa uchafu kwanza. Zikizidi, ujue inafanya kazi."

"Na zingepungua?"

"Pia ingekuwa inafanya kazi."

Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Tangu mvua za masika Wangechi alikuwa akingoja. Kanini alikuwa mwenzake wa chama na wa kwaya, na mtu wa nyumbani haombwi cheti. Kwa neno lake tu, daktari wa ngozi kule Thika aliachwa, krimu yake ikatupwa ilhali ilishaanza kusaidia, na hata dawa ya meno yenye mnanaa ikapigwa marufuku, ati huua nguvu ya matone ya homeopathi aliyomuuzia.

"Haya, hebu tueleze tena matone yako hutengenezwaje."

"Unatia tone la dawa kwenye maji, unatikisa. Unachota tone la maji hayo, unatia kwenye maji mengine, unatikisa tena. Kadiri unavyozimua, ndivyo nguvu inavyozidi."

Wangechi alichota kijiko kimoja cha chai kikombeni mwake, akakimimina kwenye jagi la maji, akalitikisa hadi kitambaa cha meza kikalowa. Kisha akamjazia Kanini kikombe.

"Kunywa, dada. Chai kali hiyo. Angalia ukali wake usikupasue kichwa."

"Uui! Mimi ninywe maji ya kuoshea vikombe?"

"Kumbe mwanangu ndiye wa kuyanywa?"

Kicheko kililipuka. Kanini alivimba kama andazi kwenye mafuta. "Huna imani! Ndiyo maana haponi!"

Gathoni akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Anti, imani nilikuwa nayo. Uso ndio unaniishia."

Maneno hayo yalimchoma Wangechi kama msumari wa moto. Kanini aliuza, sawa. Lakini aliyekubali kungoja ni nani? Alitoa chupa mkobani, akaenda jikoni, akamwaga matone yote kwenye sinki. Akarudi na kumshika bintiye mkono.

"Twende Thika, kwa daktari. Sasa hivi, kabla hajafunga."

"Na mkutano?" Kanini aliuliza.

"Nyinyi ngojeni."

Alisimamisha bodaboda langoni, akampandisha Gathoni, naye akapanda nyuma yake. Pikipiki iliposhika njia, Gathoni aliivua kofia, upepo ukampiga mashavuni. Chunusi zingetibika, lakini yale mashimo, nani ajuaye? Hakika, ngoja ngoja huumiza matumbo.